Shajara ya mradi: kusaka leseni ya nyumba na viwanja tukiwa bado chuoni, Tanga

Julai, vyuo vimefungwa

Mradi umeanza. Tuko wanafunzi wa vyuo tofauti tofauti, wote kwetu Tanga, tumerudi likizo ndefu na tumekubaliana kitu kimoja: mpaka vyuo vinafunguliwa tuwe na daftari la Kiswahili cha kueleweka, linalomwambia mwanafunzi anayetaka kuingia kwenye kazi ya nyumba na viwanja aanzie wapi, asome nini, asajiliwe wapi na karatasi gani inampa ruhusa ya kazi gani. Tumeliita Daftari la Leseni. Vikao ni maktaba ya mkoa, ile ya King George, meza kubwa zipo na hakuna kelele.

Kwa nini hili na sio kingine. Tanga ya sahivi kila ukigeuka kuna kiwanja kinauzwa. Tangu bomba la mafuta la kutoka Hoima lielekezwe Chongoleani, kilomita 1,443 kuja kuishia kwenye bahari yetu, watu ambao zamani hawakuwa na habari na upande ule sahivi wanauliza eka bei gani. Kange, Mwahako, Pongwe ni hivyo hivyo. Na penye kiwanja pana dalali, na kwenye hao madalali wapo wazee wanaoijua kazi kweli kweli na wapo vishoka ambao wanachokijua ni namba ya simu ya muuzaji basi. Mama mdogo wa mwenzetu alilipia kiwanja ambacho kilishauzwa kwa mtu mwingine, hela ya kiinua mgongo chake yote, na aliyemtembeza hakuwa ameangalia karatasi hata moja. Mimi hiyo iliniuma sana na bado inaniuma. Ukimchukulia mtu hela yake ya maisha yote lazima uwe umesoma kitu.

Kazi tumegawana. Dada mmoja yuko Chuo Kikuu Ardhi mwaka wa tatu, anasoma usimamizi wa ardhi na uthamini, huyo ndo nguzo yetu. Kijana wa sheria kachukua sheria zote. Mimi nasoma uhasibu kwa hiyo hesabu na kodi ni zangu. Alafu kuna mtoto wa mjomba wangu yuko chuo Houston, kule Texas, na yeye anasomea leseni ya Marekani huku anaendelea na digrii yake, anatutumia voisi usiku kwetu kumelala. Yeye ndo alifanya tuanze kujiuliza kumbe wenzetu wanafanyaje.

Julai, siku chache baadae

Swali la kwanza tulilolikuta ni kwamba hata neno leseni lenyewe kila mtu analo la kwake kichwani. Marekani mtu akisema leseni ya nyumba anamaanisha ruhusa ya jimbo kumuuzia, kumnunulia au kumpangishia mtu mwingine kwa malipo. Digrii haidaiwi. Ndo maana wanafunzi wengi wa vyuo kule wanaipata wakiwa mwaka wa pili, wa tatu, maana majimbo mengi umri ni miaka 18 tu na kinachodaiwa ni saa za darasa na mtihani.

Ila kila jimbo na sheria yake, na hapa ndo pa kuwa makini ukisoma mitandaoni. Texas wanadai saa 180, yaani kozi sita za saa 30: misingi sehemu ya kwanza na ya pili, sheria ya uwakala, sheria ya mikataba, fomu za mikataba za jimbo, na fedha za nyumba. California ni kozi tatu za ngazi ya chuo, saa 135 kwa jumla, mbili za lazima na moja ya kuchagua, alafu mtihani wa maswali 150 kwa saa 3 na upate asilimia 70. Florida saa 63, maswali 100, ufaulu asilimia 75, na mwenye digrii ya miaka minne ya fani hiyo anasamehewa yale masomo ya mwanzo.

Kilichonifurahisha kwa upande wa mwanafunzi ni hii ya California: kozi uliyosoma chuoni kwako ya krediti 3 za semesta inahesabika moja kwa moja. Yaani mtu anachagua somo la misingi ya milki, yaani nyumba na ardhi, kama somo la hiari, anapata alama zake za digrii na hapo hapo amemaliza theluthi ya kozi za leseni. Tumeliandika kwa wino mwekundu: kabla hujalipia kozi ya pembeni, soma orodha ya masomo ya chuo chako.

Na leseni hiyo ya kwanza haikupi ruhusa ya kusimama peke yako. Lazima uwe chini ya broka, ambaye ana leseni ya juu zaidi na ndo anabeba dhamana. California broka anatakiwa awe na uzoefu wa miaka 2 ya kazi kamili ndani ya miaka 5 iliyopita na kozi nane. Mimi huo mpango naupenda. Kijana wa miaka 19 anaanza kazi lakini kuna mtu mzima nyuma yake anayesaini.

Mwisho wa Julai

Sasa kwetu. Dada wa Ardhi kaleta nondo na kikao kilienda mpaka maktaba inafungwa.

Kwetu mlango wenye usajili mkali ni wa mthamini, yule anayekadiria thamani ya ardhi na majengo. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 ndo iliyoweka Bodi ya Usajili wa Wathamini na nafasi ya Mthamini Mkuu wa Serikali, na mtu ambaye hajasajiliwa akijiita mthamini na kutoa ripoti anavunja sheria. Njia yake ni ndefu: shahada inayotambuliwa, kazi chini ya mthamini aliyesajiliwa, alafu Bodi ikupime. Ardhi wana shahada ya usimamizi wa ardhi na uthamini, na nyingine ya fedha na uwekezaji wa milki. Ambaye hakupata pointi za kuingia digrii asikate tamaa, vipo Chuo cha Ardhi Tabora na Chuo cha Ardhi Morogoro, unaanza cheti, unakwenda diploma, unapanda.

Watu wa Tanga wanajua mthamini ni nani kwa sababu ya bomba. Pale Chongoleani na kote mkuza, ule ukanda wa bomba, ulikopita walikuja watu na daftari wanahesabu mnazi, mwembe, banda, kaburi. Ile hesabu sio ya kubuni, kuna kanuni za 2001 za fidia ya ardhi: thamani ya ardhi, thamani ya maendelezo yaliyo juu yake, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi, na hasara ya faida kama ulikuwa na biashara. Bibi yangu hajasoma hata darasa moja lakini ukimuuliza posho ya usumbufu ni nini anakueleza. Tukasema kama bibi anaijua, mwanafunzi wa chuo kikuu hana sababu ya kutoijua.

Dalali wa nyumba je? Kwetu hana mtihani kama ule wa Texas. Anachotakiwa kuwa nacho ni mambo ya biashara yoyote: TIN ya TRA, yaani namba ya mlipa kodi, jina la biashara BRELA, wale wasajili wa biashara, kama anatumia jina lisilo lake, na leseni ya biashara. Vyote hivyo mwanafunzi mwenye miaka 18 na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, anaweza kuvianza akiwa bwenini na simu yake. Na Julai 2025 serikali ilitoa amri inayozuia wasio raia kupewa leseni za biashara kadhaa, na udalali wa biashara na milki umo. Kwa hiyo kazi ni yetu, hakuna wa kumsingizia. Majirani Kenya wao wana sheria ya mawakala wa nyumba tangu 1984 na bodi ya kuwasajili, tumeiweka kwenye daftari ukurasa mmoja tu kwa ajili ya kulinganisha.

Hapo pakazuka mjadala. Kuna waliosema kama dalali hadaiwi mtihani basi tufunge hiyo sura, mtu achukue TIN aanze. Mimi na dada wa Ardhi tukakataa kabisa. Mlango kuwa wazi haina maana kwamba ukiingia hujui kitu ni sawa. Tukakubaliana daftari liwe na mtihani wake wa majaribio, na mtu wa kikundi hiki asipokee hata shilingi ya udalali kabla hajaufaulu. Tumeandika na tumesaini wote.

Agosti, baada ya Nane Nane

Wiki ya kusoma hati. Hii ndo sehemu niliyoipenda kuliko zote.

Dada wa Ardhi alikuja na hati ya nyumba ya baba yake, kwa ruhusa yake, mzee mwenyewe alikuja nayo kwenye bahasha ya kaki akakaa nasi pale pale, hakuiachia hata dakika moja na nilimwelewa. Shikamoo nyingi, chai, alafu akaifungua. Ukurasa wa kwanza jina, namba ya kiwanja, kitalu, ukubwa kwa mita za mraba, muda wa kumiliki na tarehe unapoanza. Muda una mwisho jamani, miaka 33, 66 au 99, kwa sababu chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais ndo mdhamini, wewe unapewa haki ya kukaa na kutumia kwa masharti. Mtu akikuuzia kiwanja ambacho hati yake ni ya miaka 33 na ishaliwa miaka 29 anakuuzia nini hasa? Uliza hilo swali kabla ya bei. Masharti ya matumizi yapo humo humo, makazi tu au makazi na biashara, na wengi wananunua waje kufungua gesti wakati hati inasema makazi. Ukurasa wa mwisho ramani ndogo yenye vipimo na namba za bikoni, yale mawe ya zege ya kwenye kona za mipaka.

Mzee akatoa kalamu akatuonyesha bikoni zile, akasema twendeni mkazione. Tukaenda hadi kwake Nguvumali. Tatu zilikuwa zinaonekana, zege limetokeza juu ya udongo na namba juu yake, ya nne imefunikwa na takataka za jirani, tukafukua kwa jembe mpaka ikatoka. Kijana wa sheria alipiga picha kila namba akalinganisha na karatasi. Hilo ndo zoezi namba moja la daftari sasa: mnunuzi wako asione kiwanja, aone bikoni.

Alafu upekuzi, ule wengi wanauita sechi. Unapeleka maombi ofisi ya ardhi kwa Msajili wa Hati, unalipia kwa namba ya malipo, wanakujibu kwa maandishi mmiliki aliyesajiliwa ni nani na kama kuna rehani ya benki au zuio. Ndani ya hiyo barua moja kungekuwa na usalama wa yule mama mdogo, kama kiwanja kingekuwa kimesajiliwa. Na kama hakijasajiliwa, hakijapimwa, ndo unajua mapema kwamba unaingia kwenye hatari ya aina nyingine na unapaswa kwenda serikali ya mtaa, majirani wa pande zote nne, na mwanasheria.

Na mke. Au mume. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, nyumba ya wanandoa haiuzwi wala kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Kijana wa sheria anasema kesi zinazoanzia hapo ni nyingi mno. Kwenye mtihani tumeliweka swali hili mara mbili kwa namna mbili.

Agosti katikati

Hesabu. Hii sura ni yangu.

Upande wa kwetu: mkazi kanunua kiwanja kitupu milioni 12, kauza milioni 20. Faida milioni 8, kodi ya ongezeko la mtaji asilimia 10, yaani 800,000, na ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani. Watu wanafika kwenye kuhamisha jina ndo wanasikia habari ya kodi, wanaanza kugombana muuzaji na mnunuzi nani alipe. Dalali aliyesoma anasema mapema, siku ya kwanza, anaandika kwenye karatasi kila mmoja anabeba nini.

Upande wa Texas binamu kanitumia mfano: nyumba dola 350,000, kamisheni asilimia 6, inagawanywa nusu kwa nusu ofisi mbili, na wewe kwa mkataba na broka wako unachukua asilimia 60 ya upande wenu. Jumla 21,000, upande wenu 10,500, mkononi mwako 6,300 kabla ya kodi. Akaongeza kwamba tangu Agosti 2024 wakala wa kule aliye kwenye chama chao cha taifa lazima asaini makubaliano ya maandishi na mnunuzi kabla ya kumtembeza nyumba, na malipo yake yatajwe wazi. Pale pale tukafikiria ile hela ya kuonyeshwa ya huku kwetu, elfu kumi hapa, elfu kumi na tano pale, vyumba vyenyewe havipo. Tumetengeneza fomu ya ukurasa mmoja: huduma gani, malipo gani, yanalipwa lini, na kama nyumba haikupatikana unarudishiwa nini. Tutaijaribu sisi wenyewe kwanza.

Agosti mwishoni

Binamu alituma sura ya ubaguzi kwenye upangishaji na kikao kizima kikabadilika.

Marekani wana sheria ya 1968 ya usawa kwenye makazi. Huwezi kumnyima mtu nyumba kwa rangi yake, dini, asili ya taifa lake, na jinsia ikaongezwa 1974, alafu 1988 wakaongeza ulemavu na hali ya kuwa na watoto. Wakala akivunja anashitakiwa yeye na broka wake, na kwenye mtihani maswali yake ni ya mitego. Mfano mteja anakuuliza, huu mtaa wanakaa watu gani? Wakala hatakiwi kujibu kwa kabila wala dini. Anaeleza nyumba, bei, umbali wa shule.

Sasa tuliosoma mbali na nyumbani sote tunajua kupanga kulivyo. Hujaoa? Hapana basi. Una watoto? Hapana basi. Kabila gani? Dini gani? Dada wa Ardhi alisimulia alivyokataliwa chumba na sebule kwa sababu ni binti peke yake, akiwa na kodi ya miezi 6 mkononi taslimu, na dalali kasimama pembeni anaitikia kwa kichwa. Kuna waliosema nyumba ni ya mwenye nyumba, ana haki ya kuchagua. Mimi nasema mwenye nyumba achague kwa uwezo wa kulipa na tabia ya mtu kutunza nyumba, na dalali asiwe mdomo wa kumfikishia mtu dharau. Hatukukubaliana wote mia kwa mia lakini kanuni imepita: mwanakikundi hatamuuliza mpangaji kabila wala dini, na tangazo lake halitaandika "hatutaki wenye watoto".

Septemba mwanzoni

Dada wa Ardhi kamaliza fild yake, mafunzo ya vitendo. Alikuwa anatoka asubuhi na kofia na buti, anarudi ana vumbi la Pongwe, na kila jioni anatuandikia alichokiona. Ushauri wake kwa wadogo wa mwaka wa kwanza tumeuweka kama ulivyo: usisubiri mwaka wa mwisho kumtafuta mthamini wa kumfuata, mtafute likizo ya kwanza, hata kama utabeba futi tu, maana ule uzoefu chini ya mtu aliyesajiliwa ndo wengi wanakwama nao baada ya kuvaa joho.

Mtihani wetu wa majaribio umefanyika. Kalamu na karatasi, simu zote kwenye kikapu. Sehemu ya hati watu wamefanya vizuri, sehemu ya kodi imewatoa jasho, nimekubali kurudia somo Jumamosi inayokuja. Wazee wawili madalali wa Ngamiani waliomba na wao waufanye, wakakaa nasi wakafanya, na kwenye maswali ya mipaka na majirani waliwapita wanachuo wote. Tumewaomba waje watufundishe sura hiyo, wamekubali.

Septemba, karibu vyuo vinafunguliwa

Binamu kafaulu! Sehemu zote mbili, ya taifa na ya jimbo. Alama za vidole alishapeleka zamani. Lakini leseni yake ya Texas imelala mpaka apate broka wa kumdhamini, na zaidi ya hapo yeye yuko kule kwa viza ya mwanafunzi, na leseni sio kibali cha kazi. Hawezi kupokea kamisheni hadi ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake imthibitishie njia halali. Tumeandika hiyo mbele kabisa ya sura ya Marekani, kabla ya saa 180 na mengine yote, maana kuna ndugu zetu watasoma "miaka 18 na mtihani" wakadhani imeisha.

Hali ya daftari: sura za hati, upekuzi, fidia, kodi na leseni ya biashara zimekamilika na dada wa Ardhi kampelekea mthamini aliyesajiliwa azipitie. Sura ya mipaka inasubiri wazee wa Ngamiani. Fomu ya malipo ya dalali imeshatumika kweli, mpangaji mmoja wa Makorora kaisaini na kapata nyumba. Kijana wa sheria anabaki Tanga mpaka mwisho wa mwezi, yeye ndo mwenye nakala. Anayetaka aje maktaba Jumamosi asubuhi na flashi yake, na kama anataka kukaa mtihani aje na kalkuleta.